Jibu: Mbegu tuliyohifadhi kikundini haizai kama mwanzo

Habari dada. Unasema akina mama wa kikundi chenu huko Mbozi mlihifadhi mbegu ya mahindi, sasa mahindi yametoka marefu kwa mafupi, majani mengine ya manjano, na muuza pembejeo anadai mbegu ya kuhifadhi haifai kabisa.

Kwanza angalieni mbegu ya awali. Kama ilikuwa chotara, yaani ya kuchanganya aina tofauti, mfano UH6303 ya kituo cha utafiti cha Uyole, ukipanda tena punje zake lazima ibadilike na mavuno yashuke. Hapo muuzaji yuko sahihi. Kwa mbegu ya kienyeji amewapotosha, na inaniuma, maana bibi zetu ndio walioitunza.

Sisi Rungwe tunachagua mahindi yangali shambani, siyo ghalani. Tunafunga kitambaa kwenye mimea yenye afya katikati ya shamba, kwa sababu upepo huleta chavua ya chotara ya jirani. Mkipata umbali wa mita 200 kutoka shamba la jirani, vizuri zaidi. Tunapukuchua punje za katikati ya hindi kwa mbegu, za nchani na kitakoni tunakula. Maharage hujichavusha yenyewe, ni rahisi kuanza nayo.

Na debe la mbegu likae kwa kikundi kabla ya gunia la kwanza kuuzwa. Ada ya shule ikibana, baba huuza mpaka mbegu.

Umanjano wa majani mwonyesheni bwana shamba, sitabahatisha.