Kuhusu baraza la bibi yako

Marahaba mwanangu. Ramani nimeiona, nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Umeuliza kitu kimoja tu, hilo baraza la mbele tulizibe tutoe fremu mbili za duka, kodi yake ndo ijenge chumba selfu cha bibi kule uani chenye choo na vyuma vya kushikia, au tuliache. Ukaniongezea habari za huyo msanifu majengo Christopher Alexander mnayemsoma, kwamba ukiongeza kitu kwenye nyumba, hata dirisha, kitu hicho kiipe uhai nyumba nzima na mtaa wake, sio kijipendezeshe chenyewe. Nimempenda. Mtu aliyeanzia kwenye hesabu, lakini kaongea kama mzee wa hapa kwetu Ngamiani, Tanga.

Ila kabla ya fremu nikukumbushe mguu wa babu yako.

We ulikuwa bodingi, mengi yalikupita. Alivolazwa na kile kidonda cha sukari mi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimetoka zamu kwetu nikapitiliza na sare yangu mwilini, madaktari wakapita raundi, mkubwa wao akafungua faili akauliza, "Huu mguu wa dirishani unaendeleaje?" Mguu! Na babu yuko macho, anasikia. Nikasema dokta, huyu ana jina. Nikaambiwa mama subiri nje. Mimi, nesi mwenzao! Hata leo nikikumbuka ile "subiri nje" chakula hakishuki.

Nawaambia toka mko wadogo, mtu hafunguliwi kama baiskeli.

Sasa ule mguu ndo ulikuwa unakanyagia cherehani. Kaptula za shule za barabara ya 14 karibu zote zimeshonwa na mguu ule, na watu wanajadili vidole vipi vitoke bila mmoja wao kuuliza mwenye vidole anakula kwa kazi gani. Aliyekuja kuuliza ni yule binti wa usafi, yuko anapiga deki zake, "babu, we shughuli yako nini?" Basi, ikawa maneno mpaka deki ikakauka. Mwisho babu akamwambia mfuko wa gauni lako umefumuka unatia aibu, nitafutie sindano. Kashona kitandani, kwa mkono, huku anamsema aliyelishona gauni mwanzo kwamba hajui kazi! Na yeye alikuwa anasusa chakula toka alazwe, jioni ile kala ugali wote akaulizia samaki mwingine. Nacheka hapa peke yangu.

Chuoni tulisomeshwa habari za Cicely Saunders, mama wa Kiingereza, alianza nesi akaenda ustawi wa jamii mwisho akasomea udaktari, na 1967 akafungua nyumba ya kutunza wanaokaribia kufa kule London. Yeye alisema maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, na ya moyo, na ya ndugu na riziki, na ya imani, yote kwa mpigo, ukituliza moja mengine yanaendelea kuuma. Lakini dawa hakuidharau hata kidogo, mofini aliitoa kwa saa zilizopangwa, maumivu yasisubiriwe yarudi kwanza. Kwaiyo usije ukasema mama anapinga choo. Bibi kateleza kwenda uani usiku, we unajua, na nyonga ya mtu wa umri ule ikivunjika ni habari nyingine kabisa. Choo kijengwe.

Na yule daktari nae, nimtetee kidogo, wodi ilikuwa imejaa mpaka chini, angemsikiliza kila mtu na cherehani yake wa mwisho angefia kwenye foleni. Aa, lakini kusema "mzee" badala ya "mguu" kunachukua dakika ngapi?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani toka 1948 inasema afya sio kukosa ugonjwa tu, ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii. Hilo neno kamili huwa nagombana nalo, maana kwa kipimo hicho Tanga nzima tupo hoi. Bibi yako ana presha, magoti hayamtaki, jicho moja limeshafunga ukungu, ukimsoma kwenye faili utamlilia. Mtoe alfajiri barazani umuone. Muuza kahawa anampa habari za mjini, watoto wa madrasa anawasahihishia herufi kwa kusikia tu, jirani ndo anamsomea kidonge cha asubuhi na cha jioni, na siku asipotoka nje mpaka saa tatu mlango unagongwa na mtu mwenye wasiwasi. Chumba chako kina vigae visivyoteleza, mlango mpana, kengele kabisa. Nani atakuja kukaa kule uani nae? Mtu hafunguliwi kama baiskeli mwanangu, nishasema.

Halafu nasema tena, bila kodi ya fremu hela ya choo itatoka wapi, mshahara wako naujua. Labda fremu moja. Labda choo kianze kidogo kidogo, kiungwe na chumba anacholala sasa, kule mbele mbele. Msanifu ni wewe, mi sitoi uamuzi, nyumba yenyewe ya kwenu. Ila hela ya tofali usimtumie fundi mpaka nikupigie.

Mama yako