Sarafu za kidijitali zina kazi gani hasa?
Ndugu, umeuliza kama sarafu za kidijitali na picha za NFT (picha za mtandaoni zinazouzwa kwa rekodi ya kidijitali ya umiliki) zina kazi yoyote zaidi ya kununuliwa ili ziuzwe tena kwa bei ya juu. Kazi ipo, ila ni ndogo mno kuliko inavyotangazwa. Bitcoin, sarafu ya kidijitali maarufu zaidi, iliyoanza mwaka 2009, hupitisha takriban miamala 7 tu kwa sekunde, na bei yake huyumba kiasi kwamba muuzaji anayeipokea asubuhi hajui itakuwa na thamani gani jioni. Nchi ya El Salvador, Amerika ya Kati, iliifanya fedha halali mwaka 2021. Mwaka 2025 sheria ikarekebishwa ili mtu asilazimishwe kuipokea.

Kwenye picha za NFT ndiko watu wanakodanganyika zaidi. Mara nyingi unachonunua si picha yenyewe, bali ni rekodi yenye anwani ya seva (kompyuta ya mtandaoni) ambako picha imehifadhiwa, na seva hiyo ikizimwa unabaki na anwani isiyofunguka, huku hakimiliki, kwa kawaida, ikiwa bado ya msanii. Nakubali kwamba anayetuma fedha mahali ambapo benki zimefungwa anaweza kunufaika na sarafu hizi, ingawa mpokeaji naye atahitaji mtu wa kumbadilishia ziwe pesa taslimu.