Nani Kakwambia Huna Huduma?

Wiki jana nilipata ujumbe wa binti mmoja, keshia wa supamaketi huku Kisauni, Mombasa. Aliandika hivi: "Shikamoo mama. Mimi naingia kazini asubuhi natoka usiku, Jumapili nyingine niko zamu. Kanisani kwetu tunaambiwa kila Mkristo awe na huduma. Siko kwaya, siko kwenye maombi, sifundishi watoto. Naona kama Mungu hana kazi na mimi. Nifanye nini? Na maombi ya asubuhi nayapatia wapi muda?"

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako niliusoma nikiwa na pini mdomoni, ikabidi nizitoe kwanza maana nilijikuta nataka kukujibu kwa sauti.

Nyinyi mnaosoma hapa najua mnachokitaka, kwa sababu na mimi nilikitaka: siku moja usimame mbele, kipaza sauti mkononi, watu wakuitikie amina. Si dhambi kutaka. Lakini kipaza sauti ni kimoja na sisi ni wengi, na ibada ikiisha kuna Jumatatu hadi Jumamosi zinatungoja. Hizo hatuhubiriwi sana.

Mimi ni fundi cherehani, Kongowea. Januari nashona sare za shule, Desemba magauni ya harusi, katikati hapo madera na viraka vya watu. Na kanzu. Kanzu ndizo zilizonipa jina, hasa darizi ya shingoni, na sitajifanya mnyenyekevu: kwa darizi ya shingo sijamwona wa kunifikia kuanzia hapa hadi Bombolulu. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, silali. Kila baba anataka kuswali Idi na wanawe wamevaa sawasawa, na mashine yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo hata stima zikipotea mimi nawasha taa ya kuchaji naendelea.

Sasa kuna Jumapili moja, mtumishi mmoja, simtaji jina wala kanisa, alisema mbele ya watu kwamba wapo akina dada humu ndani wanaowashonea watu nguo za kuendea msikitini, halafu wanakuja hapa kuinua mikono. Hakunitaja. Ila fundi wa kanzu mle ndani ni mmoja, na shingo ziligeuka. Waliogeuka ni pamoja na mama ambao watoto wao walikwenda shule na sare nilizoshona kwa mkopo. Sare za zambarau ambazo kwaya ilikuwa imevaa siku ile ile nilizishona mimi pia, na salio bado nalingoja.

Nimesamehe. Lakini kusamehe hakufuti kumbukumbu, na sioni kwa nini nijidai zimefutika.

Jioni ile nilifungua Matendo ya Mitume, sura ya 9. Yafa, mji wa bandari kama huu wetu. Dorkasi amefariki, amewekwa orofani, Petro ameitwa kutoka Lida. Hakuna mstari unaosema Dorkasi alihubiri au aliongoza kesha. Alikuwa na matendo mema na sadaka, basi. Na Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowafanyia alipokuwa hai. Hawakuleta cheti. Walileta nguo. Nilisoma hapo nikarudia, nikarudia tena, na tangu siku hiyo sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kushona.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Mwanangu, kila kazi ina mahali pake pa kuiba bila kuonekana. Ukitaka kujua Mungu anakutaka wapi katika kazi yako, patafute hapo.

Kwetu mafundi pako pawili. Pa kwanza ni siku. "Njoo Ijumaa." Ijumaa akija, kitambaa hakijakatwa hata upande, unamwambia imebaki vifungo tu. Mji mzima unajua huu uongo, watu wanautania, na fundi asiyeusema anaonekana mjinga. Mimi siusemi. Nikiona kazi imenijaa namwambia mteja, kabla ya Idi sikuwezi, nenda kwa jirani. Wenzangu wananicheka, na wateja wengine nimewapoteza kabisa, hawajarudi hadi leo. Nalisema hili kwa sababu kuna mahubiri yanayokuahidi kwamba ukisema kweli biashara itapanda. Yangu mara nyingine ilishuka. Niliomba, nikala sima na mchicha, nikaendelea.

Pa pili ni vipande. Mtu analeta kitambaa cha kanzu, na dukani amepimiwa kikubwa kidogo ili kisipungue. Fundi anayejua kukata hulaza kitambaa mezani, akapanga mkono mmoja ukitazama juu na wa pili ukitazama chini, akabana kwapa na kwapa, akapitisha chaki. Ukipanga hivyo, kinabaki kipande kizuri tu, cha kutosha suruali ya mtoto. Nani atajua? Mwenye kitambaa hajui kukata. Ndiyo maana vibanda vingine vimejaa nguo za watoto zinazouzwa bei rahisi, na hakuna aliyeonekana akienda Biashara Street kununua kitambaa chake.

Mimi nakunja kipande nakitia ndani ya mfuko pamoja na kanzu. Mzee mmoja alikifungua pale pale kibandani, akanitazama, akasema, "Fundi, miaka yote hii nilidhani kitambaa hunywewa na mashine." Tulicheka mpaka muuza nazi wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Hakuniuliza nasali wapi, nami sikumhubiria. Mithali 11 inaanza na mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Bwana, na futi yangu ya kupimia ni mizani vilevile.

Kwa hiyo wewe uliye kaunta, tazama mahali pako. Chenji. Mtu anadai shilingi tano unampa peremende mbili kana kwamba ameomba peremende. Bei ya rafuni ni nyingine, ya kwenye mashine ni nyingine, na mteja hajaona. Bibi anahesabu sarafu moja moja na foleni nyuma yake inasonya. Hapo ndipo pako. Ukimrudishia yule bibi shilingi tano zake na kumngoja afunge leso bila kumkaripia, umefanya kazi ya Mungu, hata kama siku hiyo hukuimba hata ubeti. Wakolosai 3:23 inasema lolote mfanyalo lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana. Na waliokuwa wakiambiwa maneno hayo pale walikuwa watumwa, soma mstari wa 22, watu wasiojichagulia hata zamu. Usiniambie zamu yako inakuzuia.

Nikishuka Kengeleni huwa naitazama ile kengele ya Frere Town. Wamishenari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walianzisha makazi yale mwaka 1875 kwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Krapf, mmishenari Mjerumani aliyetumwa na CMS hao hao, tunamsoma, tunajua alifika Mombasa 1844 na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Ni haki akumbukwe. Lakini waliokaa pale Frere Town, wakalima, wakajenga, wakaitikia kengele na kulea watoto katika imani, wengi wao hata majina yao hatunayo. Imani ya pwani hii ilibebwa na watu wa namna hiyo. Mnaotaka majina yenu kwenye bango la mkutano, muwafikirie.

Mtaniuliza, sasa tusitumike kanisani? Tumikeni. Mwenye sauti aimbe. Mimi mwenyewe nafagia kanisa zamu yangu ikifika. Nisilolikubali ni mtu aliyedanganya wateja wiki nzima kuja kumwuliza keshia ana huduma gani. Fanya kazi yako kwa haki. Sema kweli. Rudisha cha mtu. Nimeshasema, najua, na nitarudia mwakani, kwa sababu ni hayo hayo.

Kuhusu maombi ya asubuhi uliyouliza mwisho: mimi sina saa nzima. Natia mafuta mashine, naifuta, na wakati naifuta namtajia Mungu wenye nguo zilizoning'inia siku hiyo, mmoja mmoja, Wakristo na Waislamu, hata yule anayenidai nipunguze bei kila akija. Kwako inaweza kuwa wakati unahesabu pesa za kuanzia zamu, ila usikosee hesabu.

Wenye swali waandike. Wiki hii nina oda ya sare, nitajibu Jumapili baada ya ibada, na nikisema Jumapili ni Jumapili. Wanaotaka kubishana juu ya kanzu waje kibandani, ila mwezi wa Ramadhani wasinijie.