Namba za wateja wako ziko wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia dukani kutaka ushauri. Anauza viatu mtandaoni, ana wafuasi elfu arobaini TikTok, na muda wote tuliokaa simu yake haikunyamaza. Nikamuuliza: TikTok ikizimwa leo saa kumi jioni, kesho asubuhi utampigia nani? Akacheka. Mimi yalinikuta, kwa hiyo sikucheka.

Nauza vifaa vya cherehani: sindano, bobini, mikanda, mota, zipu, lastiki. Nilianza na meza moja Kiyembe, hapa Kampala. Nimezaliwa Busia, na Kiswahili changu cha mpakani kilinipa wateja ambao majirani zangu waliwapoteza kila siku kwa kuelewana nao kwa vidole: mafundi kutoka Kenya, na hasa akina mama wa Kongo wanaopitia mpaka wa Mpondwe kuja kununua kwa jumla. Mwaka 2017 nikafungua ukurasa wa Facebook. Napiga picha bobini ikiwa kiganjani, naandika bei, nimemaliza. Kufikia mwisho wa 2020 nilikuwa na wafuasi elfu kumi na moja, na meza ilikuwa imegeuka duka lenye mlango na kufuli.

Dalili nilikuwa nimeziona. Siku ya uchaguzi, Februari 2016, mitandao ya kijamii ilizimwa na pesa za simu zikazimwa pia, lakini wakati ule wateja wangu walikuja na noti mkononi, sikuhisi kitu. Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua WhatsApp au Facebook. Mimi nikaweka VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, kama nusu ya Kampala, nikaendelea. Fundi wangu wa Arua hakuweka. Kwake ilikuwa shilingi 200 ili atazame picha ya sindano ya shilingi mia chache, akaacha kutazama. Waliopotea namna hiyo sikuwahesabu, maana namba ya wafuasi kwenye ukurasa haikupungua hata mmoja. Hapo ndipo wafuasi wanapokudanganya: mtu ameshaondoka, jina lake bado linakupamba.

Kisha Januari 2021. Facebook iliondoa akaunti kadhaa zilizohusishwa na serikali yetu, ikisema zinapotosha watu kuelekea uchaguzi. Serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook nchi nzima. Ilikuwa Jumanne, tarehe 12. Kesho yake jioni intaneti yote ikakatwa, uchaguzi ukafanyika tarehe 14, na mtandao haukurudi hadi Jumatatu tarehe 18. Nani alikuwa na haki mimi sina la kusema hapa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, nami nilikuwa nyasi iliyokuwa imelipia tangazo la wiki mbili.

Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi nayo. Miezi ikapita, miaka ikapita. Wenye VPN waliendelea kuingia, lakini fundi wa kijijini hanunui bando ili aanze kuzunguka uzio. Ukurasa wangu ulikuwa mzima kabisa, wafuasi wote wapo, picha zote zipo, na hapakuwa na mtu.

Zile siku tano za giza nilikaa dukani na mzigo wa lastiki. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, madarasa ya mitihani tu ndiyo yalikuwa yamerudi, kwa hiyo hakukuwa na sare za kushona. Mafundi waliishi kwa barakoa, na barakoa inakula lastiki. Wateja walikuwepo, mali ilikuwepo, simu za kawaida zilipita. Nilichokosa ni namba za kupiga. Mwenye biashara ya zaidi ya miaka minne, nikajikuta najua kwa kichwa namba za watu tisa, watatu kati yao ni ndugu zangu.

Siku ya tatu ndipo nikafungua meseji za pesa za simu. Kila aliyewahi kunilipa alikuwa mle, jina na namba, na sikuwa nimezisoma hata siku moja zaidi ya kutazama salio. Nikachukua daftari la mwanangu la hesabu, nikaanza kunakili. Halafu nikakumbuka vikaratasi vya kutuma mizigo kwa basi, ambavyo nilikuwa navichoma kwenye msumari ukutani: jina la mpokeaji, mji, namba. Kati ya meseji na msumari nilipata watu 340. Biashara yenyewe ilikuwa imeniandikia daftari bila mimi kujua.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, anzia hapo. Usinunue programu ya kutunza wateja. Soma meseji zako za malipo za miaka miwili nyuma.

Kuandika namba peke yake ni kazi nusu. Mimi naandika mji, lugha anayoipenda, na mashine anayotumia, na hili la mwisho ndilo linaloniletea pesa. Sindano ya cherehani ya nyumbani, Singer au Butterfly, ina ubavu mmoja bapa. Ya mashine ya kiwandani kama Juki shina lake ni la duara. Ukimtumia fundi wa Gulu isiyo yake, umepoteza nauli ya basi kwenda na kurudi, na umempotezea siku ya kazi. Daftari linaniambia kabla hajamaliza kusema "Habari ya siku nyingi". Yeye anadhani nina kumbukumbu ya ajabu. Simkatalii.

Na omba ruhusa. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu, na hata isingekuwepo, meseji isiyoombwa saa nne usiku ni utovu wa adabu. Mimi huuliza mara moja: "Nikupigie mzigo mpya ukifika?" Anayesema hapana, napiga mstari juu ya jina lake, biashara inaendelea.

Mwaka mzima wa 2021 nililijaza daftari taratibu, na kusema kweli faida yake haikuonekana. Wengi niliowapigia walikuwa wameuza mashine ili wale. Kisha ikatangazwa kwamba shule zote zitafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Hebu fikiria karibu miaka miwili ya watoto kukua. Aliyefungiwa akiwa wa darasa la tatu anarudi na sare inayoishia juu ya magoti. Hakuna mzazi aliyekwepa, na fundi yeyote aliyebaki na mashine aliitoa chini ya kitanda ikiwa na kutu na mkanda uliokauka. Mwanzoni mwa Desemba nilianza kupiga simu, mji baada ya mji: Mbale, Soroti, Lira, Arua, Kasese. Sikuuza kwa maneno matamu. Nilisema, "Fundi, mashine yako ya Butterfly inakula mkanda namna hii, shule zinafunguliwa, nikuwekee mingapi?" Mwezi ule niliuza mikanda mingi kuliko niliyouza miaka miwili iliyotangulia, na ukurasa wa Facebook ulikuwa bado umelala.

Simaanishi uikimbie mitandao. Nina WhatsApp, nina TikTok, mpwa wangu ananipiga video nikipima lastiki na watu wanazipenda, sijui kwa nini. Huko ni sokoni: unaenda, unapaza sauti, unarudi nyumbani na majina. Shida huanza pale unapohamia sokoni na godoro.

Pesa za simu nazo zitazame kwa jicho hilohilo. Tangu mwishoni mwa 2018 kutoa pesa kunakatwa kodi ya asilimia 0.5, juu ya ada ya kampuni. Toa milioni mbili, shilingi elfu kumi zimeondoka kabla hujamlipa mtu. Tangu nilipokaa na kalamu, naiacha pesa ndani ya simu na kuwalipa wauzaji wangu wa jumla humohumo. Aliyekataa kulipwa hivyo nilimbadilisha.

Bando nalo: ile kodi ya shilingi 200 ilifutwa Julai 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data. Wengine walisherehekea. Mimi nikapunguza video ndefu, maana anayezilipia ni mteja. Na usisahau kwamba nchi yetu haina bahari, intaneti yetu inapitia kwa majirani. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari ziliharibika, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Siku hiyo hakukuwa na uchaguzi wala amri ya mtu. Nilipiga simu za kawaida, nikauza.

Kuhusu akili mnemba (AI), nilijaribu. Niliiweka ijibu wateja WhatsApp kwa Kiswahili. Mama mmoja wa Butembo akaandika anataka sindano namba 16 boksi kumi. Ikamshauri amwone daktari kwanza. Alinipigia akicheka mpaka akakohoa, akaongeza oda. Sasa naitumia kupanga hesabu za mwezi, wateja nawajibu mwenyewe.

Yule kijana wa viatu amenipigia jana. Alikesha akisoma meseji za pesa, amepata namba 612, na zimegota mwaka 2023 kwa sababu simu ya kabla ya hapo iliibiwa. Nimemwambia aende stendi ya basi anakotuma mizigo, aulizie nakala za risiti zake, wale jamaa hawatupi vitabu haraka. Apeleke na soda.