Ukienda Mafia, uliza maji kwanza

Mara yangu ya kwanza kisiwani Mafia, pwani ya Tanzania, nilifika ufukweni Utende saa tatu asubuhi, begi mgongoni, ratiba kichwani: kisiwa cha Juani mpaka saa sita, kisiwa cha Chole mchana, jioni napumzika. Chombo nilichokodi kilikuwa kimelala ubavu mchangani, bahari iko kule mbali.

"Shikamoo, mzee. Tunaondoka saa ngapi?"

Nahodha akaitikia marahaba huku akiendelea kushona tanga lake. "Maji yakija, mwanangu. Kwani leo mwezi ngapi?"

Nikamsomea tarehe ya kwenye simu. Akacheka. Alikuwa anauliza mwezi wa angani, nao ulikuwa 15, bamvua, yaani maji makubwa, imepamba moto.

Basi ushauri wangu ndio huo: kabla hujakata tiketi ya kivuko pale Nyamisati, bandari ya upande wa bara, tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na asubuhi hukauka mpaka unaona nyasi za bahari. Mwezi 7 au 8, na tena 22, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana.

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu Kua, magofu ya mji wa kale kisiwani Juani, huingiwa kwa mkondo unaopita katikati ya mikoko, na maji yakitoka njia imefungwa. Mle ndani kuna misikiti, makaburi na jumba la ghorofa ambalo kuta zake bado zimesimama. Chukua mwenyeji akutembeze, la sivyo utaona mawe tu. Ni yeye atakayekusimulia kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua karamuni, kisha wakawalaza watoto wa wageni wao mchangani ili jahazi lishushwe juu yao. Kua wakanyamaza kwa miaka. Halafu nao wakawaalika Kisimani harusini, wakawaingiza chumba cha chini ya ardhi, mlango ukazibwa. Kisimani imeliwa na bahari. Kua ilivunjwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Vigae vya sahani utakavyoviona chini viache hapohapo.

Chole ni karibu, unavuka kwa mashua pamoja na akina mama na ndoo zao. Wajerumani waliweka boma lao hapo, lakini mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, kwenye kisiwa kikubwa, kwa sababu ya kina cha maji. Hata serikali ilishindwa kubishana na kupwa. Sasa mizizi imezikumbatia kuta. Subiri magharibi uwaone popo wakubwa wala matunda wakiruka, jamaa zao wako Komoro.

Papa potwe ndiye anayewaleta wengi, na yeye ni wa upande wa Kilindoni, hasa Oktoba hadi Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani ila chakula chake ni vijidudu vya majini na dagaa. Usimguse, usimkatie njia. Ukimkosa siku ya kwanza usinune. Mimi nilimkosa mara mbili.

Ukibakiwa na siku, nenda Jibondo ukawaone mafundi wakiunda majahazi kwa tezo na keekee. Beba maji yako ya kunywa, kisiwa kile hakina maji yasiyo ya chumvi ya kutosha.

Na Kua usichelewe kutoka. Siku ile tuliingia saa tisa, nikanogewa na picha, nahodha akaita mara tatu. Tuliposhuka mkondoni chombo kimekwama, ikabidi tukisukume, matope hadi magotini. Kandambili yangu ya kushoto ilizama humo. Mzee alinirudisha Utende usiku, mguu mmoja mtupu, bila kunisema hata neno, ila kila tukikutana mpaka leo ananiuliza mwezi ngapi.