Mlisho wa faragha: kila mtu na kiungo chake

Dada wa Hombolo, umeuliza jinsi ya kuwapa wakulima wenzako wa zabibu mlisho wa RSS (orodha ya habari mpya inayojifikisha yenyewe kwenye programu ya msomaji) wa tovuti mnayoiandika pamoja, bila wanunuzi kuchungulia bei mnazopanga. Tafadhali, usigawe kiungo kimoja kwa wote. Kikivuja mnaumia wote. Kila mwanachama apewe chake, chenye herufi na tarakimu 32 zilizochanganywa ovyo, na kinachopita kwa HTTPS, njia inayoficha mawasiliano yakiwa safarini mtandaoni. Programu nyingi za kusomea milisho haziwezi kujaza ukurasa wa nywila, ndiyo maana siri inakaa kwenye kiungo chenyewe. Mtu akijitoa, unafuta chake tu.

Niliwahi kukuta kiungo cha hivyo kimebandikwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi! Basi mlisho ubebe vichwa vya habari tu, na bei zisitajwe humo kabisa.