Usizioshe sarafu za marehemu babu

Ndugu yangu wa Mji wa Kale, Mungu amrehemu babu yako. Umeuliza kama herufi PM zilizo chini ya shingo ya mfalme, kwenye sarafu za kikoloni alizoziacha, ni mikwaruzo tu, na kama uzisugue sarafu kwa ndimu kabla ya kumuuzia mtu wa ng'ambo.

Ndimu iache jikoni, tafadhali. Asidi hula uso wa sarafu, na mkusanyaji akiuona mng'ao ule bei huporomoka. Tia kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, basi.

PM ni Percy Metcalfe, aliyechora kichwa chenye taji cha Mfalme George wa Sita. Kwenye za George wa Tano tafuta BM kwa lenzi: huyo ni Bertram Mackennal, mchongaji mzaliwa wa Melbourne. Wazee wetu walizitumia sokoni miaka na miaka, na sahihi za wachongaji zimo mle mle.

Lakini ile yenye mizani, neno Mombasa na mwaka 1888, ishike kwa mikono miwili! Ni rupia ya kampuni ya Imperial British East Africa, na herufi H iliyo juu yake ni alama ya kiwanda cha kufua sarafu cha Heaton, Birmingham. Uzito wake ni gramu 11.66 hivi, sonara aipime ukiwa umesimama hapo hapo. Ikipungua sana, ishuku.

Na usiitume nje kwanza. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 huhesabu vitu vya kabla ya 1895 kuwa mambo ya kale, na kuvitoa Kenya kunahitaji kibali. Anzia Fort Jesus, uwaulize watu wa makumbusho.